Bunduki ya nati kwanza: vifaa vya betri ninavyotengenezea gari nyumbani

Ukiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja tu cha betri kwa ajili ya gari lako, nunua bunduki ya kufungulia nati: kichwa cha nusu inchi, volti 18, umbo la wastani. Ile kubwa inayojaza sanduku zima waachie mafundi wa malori. Natanguliza jibu kwa sababu wengi huniuliza swali hili wakiwa wameshika simu tayari, wanataka kuagiza, na muda wa maelezo hawana. Wenye muda tuendelee.

Mimi si fundi wa gereji. Ninatengeneza magari mawili ya nyumbani, langu na la mume wangu, na mara nyingine la shemeji akikwama. Kazi zangu ni zile za kawaida: pedi na diski za breki, shokapu, boljointi, beringi za magurudumu, oili, plagi, eksozi iliyoanza kuning'inia. Mwili wangu ni mdogo na viganja vyangu ni vifupi, kwa hiyo kifaa nakipima kwa jicho tofauti kidogo na la wanaume ninaowasikia wakivisifia. Wao huuliza kina nguvu kiasi gani. Mimi nauliza kama nitaweza kukinyanyua kwa mkono mmoja nikiwa nimelala chali chini ya gari, mkono wa pili ukiwa umeshikilia soketi isidondoke.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo inayouza, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa Newton-mita, kwa kifupi Nm. Ili uipate vizuri: mtu wa kilo 60 akisimama kwenye ncha ya pawa baa, ule mpini mrefu wa soketi, wenye urefu wa nusu mita na uliolala sawasawa, anaikamua nati kwa karibu Nm 300. Sasa angalia gari lenyewe linadai nini. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103, za Honda nyingi ni 108, na bolti za magurudumu za Volkswagen Golf ni 120. Nati ya ekseli, ile kubwa iliyo katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye magari mengi madogo hucheza karibu na Nm 200, na bolti ya puli ya krenki, ile inayoshika gurudumu la mkanda kwenye ncha ya injini, inaweza kupita hapo. Hayo yote ni ya kukazia. Kutu ikishaingia kufungua kunadai zaidi, na bolti iliyokaa miaka kwenye maji na tope inaweza kukataa hata mara mbili ya namba yake.

Rudi kwenye maboksi. DTW300 ya Makita, ambayo ndiyo bunduki yangu, imeandikwa Nm 330 za kukaza na 580 za kufungua. GDS 18V-300 ya Bosch ni 300 na 500. M12 FUEL Stubby ya Milwaukee yenye kichwa cha nusu inchi, ingawa inatumia volti 12 tu, inafika Nm 339. Halafu kuna majitu: DTW1002 ya Makita yenye Nm 1000 za kukaza na 1600 za kufungua, DCF899 ya DeWalt yenye 950. Ukiona boksi limeandika namba moja kubwa bila kusema ni ya kukaza au ya kufungua, chukulia ni ya kufungua, maana hiyo ndiyo kubwa kati ya mbili na ndiyo wauzaji wanayoipenda. Ukilinganisha mashine mbili, hakikisha umeweka kufungua kwa kufungua na kukaza kwa kukaza.

Kwa gari dogo la abiria, Nm 500 hadi 600 za kufungua zinamaliza karibu kila kitu kilichoko kwenye magurudumu, breki na shokapu. Kinachobaki ni zile nati chache sugu, na nitazifikia.

Lakini kwanza tuingie ndani ya bunduki yenyewe, kwa sababu ukijua inavyofanya kazi utaacha kuilaumu kwa makosa ya soketi. Ndani kuna nyundo na fuawe. Mota inazungusha nyundo, na fuawe ndiyo yenye kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi. Nati ikiwa laini, vyote viwili vinazunguka pamoja kimyakimya. Nati ikigoma, fuawe inasimama, nyundo inarudi nyuma ikibana springi, kisha inachomoka na kuipiga fuawe ubavuni, na inarudia hivyo mara elfu kadhaa kwa dakika. Ndiyo ile sauti ya tatatata. Kila pigo ni fupi mno, ndiyo maana kifundo cha mkono hakisokotwi kama kinavyosokotwa na drili iliyokwama, na ndiyo maana mtu wa kilo zangu anaweza kufungua nati ambayo jitu la miraba minne limeshindwa nayo kwa spana.

Kutoka hapo yanafuata mambo mawili. La kwanza, kitu chochote chenye mnyumbuko kati ya fuawe na nati kinakula pigo. Ekstensheni ndefu inajisokota kidogo na kurudi, na jointi ya kupinda inakula zaidi. Soketi ndefu nyembamba nayo inachukua sehemu yake. Nimeona nati ya gurudumu ikigoma kabisa kwa ekstensheni ya sentimita 25 na soketi ndefu, halafu ikatoka papo hapo kwa soketi fupi iliyovishwa moja kwa moja kwenye bunduki. Kabla hujasema bunduki haina nguvu, ondoa vyote vilivyo katikati ujaribu tena. Na hakikisha betri imejaa, maana betri iliyobakiza kidogo inapiga kinyonge.

La pili, bunduki haijui imekaza kiasi gani. Inagonga tu mpaka uachie kifyatulio. Kwa hiyo kukaza kwa mwisho kunafanywa kwa mkono, kwa spana ya kipimo, ile inayotoa mlio wa klik ikifika ulipoiweka. Hili silegezi hata kidogo. Nati ya gurudumu iliyokazwa kwa bunduki hadi mwisho inavuta bolti yake kupita kiasi, na siku mtu akipata pancha usiku na kijispana cha kwenye buti, hataifungua. Mimi nazungushia nati kwa vidole mizunguko ya kwanza, naigusa na bunduki kwenye hatua ya chini kabisa hadi ikae, nashusha gari, kisha spana ya kipimo kwa Nm 103, nikiruka kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili. Spana ya kipimo haina betri wala haipendezi dukani, lakini kama bajeti inakubana, ondoa chochote kingine kwenye orodha kabla yake.

Sasa niwaonyeshe kazi moja kwa karibu, kazi ya diski za mbele, kwa sababu hapo ndipo umbo la bunduki linajieleza lenyewe.

Gari liko juu ya stendi, tairi limetoka. Braketi ya kalipa, yaani ya kile kinachobana pedi kwenye diski, imeshikwa na bolti mbili zilizoko nyuma ya diski, mara nyingi za soketi namba 17. Ili uzifikie unageuza usukani, gurudumu lichungulie nje, halafu unapitisha mkono kati ya bati la vumbi na mguu wa shokapu. Nafasi pale ni ya kiganja na kidogo. DTW300 ina urefu wa milimita 144 kutoka mgongoni hadi ncha ya kichwa. Ukiongeza soketi fupi, inaingia na inakaa wima kwenye bolti bila kuegemea upande. Jitu la Nm 1000 lina milimita 229, na pale haliingii. Unalazimika kuweka ekstensheni, na tumeshaona ekstensheni inavyofanya. Kwa hiyo mashine yenye karibu theluthi ya nguvu, iliyokaa vizuri moja kwa moja kwenye bolti, inaishinda ile kubwa iliyosimama mbali. Nilimwonyesha shemeji, ambaye anatengeneza malori na ndiye mwenye bunduki kubwa ninayoiazima. Alikubali bila ubishi, na si mtu wa kukubali mambo haraka.

Diski yenyewe ikigoma kutoka, kwenye magari mengi ya Kijapani utaona matundu mawili yenye meno usoni mwake. Hayo yamewekwa kwa makusudi: unaingiza bolti mbili za M8, unakaza moja kidogo, nyingine kidogo, nayo diski inajisukuma nje yenyewe. Hapo weka bunduki chini utumie racheti ya mkono, ule mpini wa soketi unaokaza upande mmoja na kurudi bila kugeuza bolti. Honda nyingi zina jambo jingine, skurubu mbili za kichwa cha msalaba zinazobana diski kwenye habu. Skurubu hizo zimewaliza watu wengi. Bisibisi ya kawaida inateleza, kichwa kinalika, na kazi ya nusu saa inageuka ya kutoboa kwa drili. Dawa yake ni bisibisi ya betri ya kugonga, ile fupi yenye tundu la pembe sita la robo inchi, na biti ya msalaba namba 3 iliyokaa barabara. Sukuma kwa uzito wa mwili, gusa kifyatulio kidogokidogo. Uzito wako unaikandamiza biti ndani ya msalaba, na mapigo mafupi hayaipi nafasi ya kutoka.

Wengi huuliza kama bisibisi hiyo inaweza kushika nafasi ya bunduki, kwa kuwa inauzwa kwa bei nafuu na pengine tayari wanayo kwa kazi za mbao. Kwa bolti ndogo, za namba 10 na 12, inafaa sana. Naitumia kwenye kava za chini ya injini na kwenye bampa kila mara. Kwa nati za magurudumu, hapana. Adapta inayogeuza pembe sita kuwa mraba wa nusu inchi ina shingo nyembamba, na shingo hiyo ndiyo inayokatika.

Nilisema nitazifikia nati sugu. Nati ya ekseli na bolti ya puli ya krenki ndizo zinazonifanya nimpigie shemeji simu. Ile bunduki yake, pamoja na betri, inapita kilo tatu, na kuishika usawa wa bega ni adhabu, lakini nati ya ekseli iko usawa wa kiti na nafasi yake iko wazi. Kabla ya hapo napulizia dawa ya kutu jioni na kuiacha ilale, na nainyoosha ile sehemu ya ukingo wa nati iliyobonyezwa kwenye mfereji, maana nati ambayo ukingo wake haujanyooshwa inatoka na meno ya ekseli. Bunduki yangu ya wastani imeshafungua nati za ekseli pia. Inachukua muda mrefu zaidi, inagonga na kugonga, na inapata joto. Ikizidi sekunde kumi hivi bila dalili ya kusogea, naacha. Kwa mtu anayefanya kazi ya namna hii mara moja kwa mwaka, kuazima kunatosha. Sioni sababu ya kubeba kilo zile kwa kila kazi nyingine kwa ajili ya nati mbili.

Kuhusu mashine fupi za volti 12 nina mapenzi nazo, na niseme wazi kwamba mtu mwenye mikono kama yangu asizidharau. Kwenye sehemu ya injini, ambako kila kitu kimebanana, kifupi cha milimita 120 na ushee kinaingia mahali ambapo hata bunduki yangu inakwama. Tatizo ni kwamba inakuleta kwenye familia ya pili ya betri, na chaja ya pili, na hapo fedha inaanza kuvuja.

Kwa hiyo tuzungumze betri, kwa sababu hapa ndipo unapofunga ndoa. Mashine utabadilisha, lakini betri zitakuamulia mashine inayofuata uinunue kwa nani. Tundu la betri la kampuni moja haliingiliani na la nyingine. Ryobi wameshikilia umbo lilelile la betri za One+ tangu 1996; Makita walianza LXT ya volti 18 mwaka 2005 na betri za leo bado zinaingia. Metabo waliasisi mwaka 2018 muungano uitwao CAS ambapo kampuni kadhaa zinatumia betri moja. Hayo ndiyo ninayoyaangalia kwanza: familia ina umri gani, na ina vifaa gani vya gari ndani yake. Tazama kama wana bunduki ya wastani, racheti, grainda, taa na pampu ya upepo kwenye betri ileile. Ukikuta viwili kati ya hivyo havipo, tafuta familia nyingine kabla hujaanza. Na uliza ni ipi ambayo betri zake unaweza kuzipata unapoishi, miaka mitatu kutoka sasa, bila kungoja meli.

Volti 18 na volti 20 zisikuchanganye. Ndani kuna seli tano zilizopangwa mstari mmoja. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, jumla 18. Ikitoka kwenye chaja tu inakuwa na volti 4 na kidogo, jumla 20. DeWalt wanaandika 20V MAX Marekani na 18V kwingineko, kwa betri ileile. Asikuuzie mtu "ya 20" kuwa ina nguvu kuliko "ya 18". Vivyo hivyo zile za volti 12: ni seli tatu, volti 10.8.

Kinachobadilisha nguvu ni Ah, yaani ampia-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri, na hapa watu wengi wanadhani Ah ni urefu wa kazi peke yake. Betri ya 2.0 Ah ina seli tano. Ya 5.0 Ah kwa kawaida ina kumi, mistari miwili ya tano sambamba, kwa hiyo mota ikidai umeme mwingi kwa mkupuo, kila seli inabeba nusu ya mzigo na volti hazianguki sana. Bunduki ileile inapiga kwa nguvu zaidi ikiwa na betri ya 5.0. Jaribu kwenye nati moja ngumu utalisikia kwenye mlio. Ila betri ya 5.0 ni nzito na inaongeza kimo, kwa hiyo mimi nina mbili za aina tofauti: ndogo kwa racheti, taa na kazi za juu ya kichwa, kubwa kwa bunduki na grainda. Mpangilio huo umenifaa kuliko kuwa na mbili kubwa.

Kwa wanaoagizia vifaa kupitia ndugu anayesafiri: zidisha volti kwa Ah. Betri ya 18 kwa 5.0 ni Wh (wati-saa) 90, iko chini ya mpaka wa Wh 100 ambao mashirika ya ndege huruhusu bila kibali maalumu, na betri ya akiba inakaa kwenye begi la mkononi, haiwekwi kwenye mzigo wa chini. Ya 6.0 ni Wh 108. Hiyo inahitaji kuombewa ruhusa.

Betri za kuiga ni janga, na hili naliona kwa uchungu kwa sababu wanaoumia ni wale waliojinyima kununua mashine nzuri. Kuna moja ilifia mikononi mwangu, imeandikwa 6.0 Ah kwa herufi kubwa. Nilifungua skurubu zake nikakuta seli tano nyembamba za 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Seli ya umbo hilo, hata iliyo bora, haikaribii 6 Ah. Kwa hiyo 6.0 ndani ya seli tano za namna hiyo haiwezekani, hata kama mtengenezaji angekuwa malaika. Nyaya zilikuwa nyembamba, na waya wa kupimia seli mojamoja haukuwepo kabisa. Chaja ilikuwa inajaza tano zote kwa pamoja bila kujua ipi imeshazidi. Betri ya namna hiyo haifai kuachwa inachajiwa usiku watu wamelala. Njia rahisi ya kuitambua kabla ya kufungua ni uzito: weka mkononi betri halisi ya Ah zilezile, kisha ile unayouziwa. Seli kumi hazifichiki.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Ikitoka kwenye kazi ngumu ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya chaja. Chaja nzuri zinakataa zenyewe na kusubiri. Ukiiweka kwa miezi, iache nusu, wala isikauke kabisa.

Soketi. Zile nyeusi za kugongewa zimetengenezwa kwa chuma cha kromu-molibdenamu na kuta nene, zinavumilia pigo. Zile za kung'aa za kromu-vanadiamu ni ngumu lakini zina ukavu. Zikipigwa na bunduki hupasuka, na kipande kinaruka. Nunua nyeusi, za pembe sita, fupi kwanza. Kwa magari mengi ya Kijapani namba 10, 12, 14, 17, 19 na 21 zinafanya kazi zote. Pembe kumi na mbili acha kwa bolti zinazodai umbo hilo, kwa sababu kwenye nati yenye kutu zinashika kona na kuzilamba.

Miwani ya usalama na vizibo vya masikio si mapambo. Bunduki hizi zinapita desibeli 90 kwa urahisi, na chini ya tao la gurudumu sauti inarudi usoni mwako. Masikio hayana kipuri.

Racheti ya betri ndicho kifaa cha pili ningenunua, na ndicho kinachonifurahisha zaidi. Haina nguvu nyingi. Za volti 12 nyingi ni kati ya Nm 40 na 80. Kazi yake ni kuzungusha haraka bolti ambayo tayari umeilegeza kwa mkono, mahali ambapo racheti ya kawaida ingesogea jino moja moja. Bolti ndefu za alteneta, kava za juu ya injini, nati za eksozi zilizo upande wa ukuta unaotenga injini na abiria, hapo inaokoa muda na ngozi ya vidole. Lakini iheshimu. Ukiwa unafungua, bolti inatoka ikikisukuma kichwa cha racheti nyuma, na kama nyuma kuna chesisi, kifaa kinabanwa kati ya bolti na chuma, na kitufe cha kugeuza uelekeo kiko upande usioufikia. Kidole kikiwa katikati ni habari nyingine. Angalia nafasi ya nyuma kabla ya kubonyeza, na acha mizunguko ya mwisho kwa mkono.

Plagi, bolti ya kumwagia oili na chochote kinachoingia kwenye alumini visiguswe na bunduki kwa kukaza. Bolti ya oili kwenye injini nyingi ndogo za Toyota inataka Nm 37 tu, na bunduki yangu inazipita hizo kabla sijapepesa jicho. Meno ya alumini yakiliwa, gharama yake inazidi bunduki yenyewe.

Grainda ya betri nimeikubali kwa shida, kwa sababu inakunywa betri kuliko kifaa chochote nilicho nacho, na kwa betri ndogo haina maana. Ila bolti za eksozi zilizogeuka kutu tupu hazina njia nyingine. Chukua ya milimita 115 au 125, yenye swichi inayozima ukiiachia. Soma tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya diski ya kukatia. Diski hizo zina mwisho wa matumizi, na gundi iliyochakaa inazifanya zipasuke. Cheche zikienda upande wa vioo vya gari zinaganda kwenye kioo na kuacha vidoti visivyofutika, kwa hiyo funika. Na usikate karibu na tangi wala mabomba ya petroli. Bora kupambana na bolti ile siku mbili kwa dawa ya kutu na spana.

Taa ya betri yoyote yenye sumaku inatosha. Pampu ya upepo ni nzuri kuwa nayo, haina mengi ya kusema. Drili karibu kila mtu anayo.

Kwa mpangilio wa ununuzi, ningeanza na bunduki ya wastani ikiwa na betri ya 5.0 na chaja, soketi nyeusi sita na spana ya kipimo. Baada ya hapo racheti na betri ndogo, kisha bisibisi ya kugonga kama gari lako lina zile skurubu za diski. Angalia pia mauzo ya mashine tupu bila betri. Ukishakuwa ndani ya familia moja, kununua mashine tupu ndiko kunakookoa fedha, na sanduku lenye vifaa vitano mara nyingi linabeba viwili usivyovihitaji pamoja na betri ndogo mbili za 2.0. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuwekee betri uishike mashine juu ya kichwa, mkono umenyooka, kidole kwenye kifyatulio, uhesabu hadi thelathini. Mkono ukianza kutetemeka, omba ile ndogo zaidi.